Kiwiko Changu Kwenye Bango

Bango lilinifikia kwenye simu nikiwa na mteja, mama mmoja muuza viazi wa hapa Kitale aliyetaka pindo la sketi yake lishushwe. Lilitumwa na mmoja wetu katika kikundi cha akina mama wa kanisani, na kabla sijalifungua wenzake walikuwa wameshaanza kumimina pongezi. Mume wako yuko Nairobi, waliniambia. Nilijua hayuko Nairobi, yuko nyuma ya nyumba anaranda mlango wa mtu, lakini nilielewa walichomaanisha. Lilikuwa tangazo la muziki wa laivu katika ile thieta ya zamani ya katikati ya jiji, ile ya mawe na nguzo ndefu, kila Ijumaa ya mwezi unaokuja. Ijumaa ya kwanza taarabu kutoka Pwani, ya pili fidla na piano, ya tatu wazee wa gita, na ya mwisho, chini kabisa lakini kwa picha kubwa, mpiga litungu kutoka Bungoma pamoja na mwimbaji, msichana ambaye sikuwa nimemwona maishani mwangu.

Nikaikuza ile picha kwa vidole viwili. Nilikuwa naijua. Ilipigwa Matulo, kwenye harusi ya mtoto wa rafiki ya mama mkwe wangu. Mume wangu amekaa kwenye kigoda, litungu kifuani, amevaa lile shati la kitenge cha buluu na manjano nililomshonea. Mimi siku hiyo nilisimama kuliani kwake, mdomo wazi, katika nguo ya kitambaa hichohicho, maana tulikuwa na sare. Kwenye bango mahali pangu pamewekwa yule msichana. Lakini aliyenikata hakukata vizuri. Alibakisha kiwiko changu, pamoja na mkono wa nguo wenye marinda matatu ambayo hakuna fundi mwingine Kitale anayeyakunja hivyo. Kwa kuwa kitambaa ni kimoja, mtu akiangalia harakaharaka anadhani ni kiwiko cha mume wangu. Kwa hiyo mume wangu ana viwiko vitatu kwenye lile bango, na katika wale akina mama wote waliopiga vigelegele hakuna hata mmoja aliyeona.

Sitaficha. Nilichohisi kwanza ni wivu, na nilichohisi pili ni wivu. Yule mama wa viazi aliniuliza kama nimepokea habari ya msiba. Nikamwambia hapana, ni habari njema, kisha nikamshushia pindo upande mmoja zaidi ya mwingine na ikabidi nifumue.

Lazima nieleze kwa nini iliniuma kuwa ni thieta ile na si ukumbi mwingine wowote. Nilipokuwa shule ya msingi kule Bungoma, mwalimu wetu wa kwaya alikuwa akitusimulia habari za jukwaa lile. Alisema ukinong'ona pale mbele, mtu wa kiti cha mwisho kule juu anakusikia. Mwaka mmoja tuliimba mpaka tukafika Kakamega, na huko tukashindwa na shule ambayo wanafunzi wake wote walikuwa na viatu vya rangi moja. Wao wakaenda Nairobi. Mimi nikarudi nyumbani na ule mnong'ono, na mpaka leo haujanitoka. Nikiwa peke yangu kibandani huwa nanong'ona maneno mawili matatu mbele ya cherehani, kisha najiuliza kama yule wa kiti cha mwisho amesikia.

Halafu kuna lile litungu lenyewe. Ni kinubi chetu cha nyuzi saba, bakuli la mti lililowambwa ngozi, na juu kuna mti uliokingama ambako nyuzi zimefungwa. Mume wangu ni seremala, alijitengenezea mwenyewe, na vidole vyake sina la kuvisema vibaya hata nikiwa na hasira. Lakini tulipooana alikuwa anaweza kuhangaika asubuhi nzima na uzi wa kwanza, unapanda, unashuka, haukai. Siku moja nilikuwa mlangoni nachambua mboga huku nikivumisha wimbo. Akaukaza ule uzi mpaka ukakutana na sauti yangu, na zile nyingine sita zikaufuata kama ndama. Tangu siku hiyo hajawahi kupiga bila mimi kumpa uzi wa kwanza. Nimempa nikiwa jikoni, nimempa nikiwa kwenye cherehani, nimempa uchungu wa mtoto wetu wa mwisho ukiwa umeanza, nikamwambia achukue haraka kwa sababu sauti itakayofuata haitakuwa ya wimbo.

Nyimbo pia, nyingi ni zangu. Ule uliopendwa kwenye harusi ya Matulo niliutunga mwaka ule mume wangu alipotumwa chumvi Webuye akarudi jioni bila chumvi, na habari tele. Ni wimbo wa mwanamke anayeweka sufuria, anaongeza maji, anaongeza tena, na mume hatokei. Wanawake wakiusikia huangua kicheko, kisha huja kunifunga leso mabegani mpaka sionekani shingo. Mcheza kwao hutunzwa, na mimi nimetunzwa sana.

Siku ile Matulo kulikuwa na mgeni aliyekuwa akipiga video. Wiki chache baadaye simu ikaja kutoka thieta. Mume wangu aliichukua akaenda nayo nyuma ya nyumba, jambo ambalo si kawaida yake, na aliporudi alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi na uso wa mtu aliyeokota kitu. Alinieleza kwamba wanamtaka Nairobi, yeye na litungu, na kwamba wana mwimbaji wao. Niliuliza kama hawakunisikia kwenye ile video. Akasema watu wa Nairobi wana taratibu zao, wanataka mtu aliyesomea muziki. Nikarudi kwenye cherehani. Nilimchukia yule aliyesomea muziki kabla sijajua sura yake, na niliichukia thieta yenyewe, nguzo zake na mawe yake, mimi niliyekuwa nimeipenda tangu utoto.

Basi msichana akaja. Alikuja Kitale kufanya mazoezi, akapewa chumba cha watoto wetu waliokwisha kuhama, na mimi nikambadilishia shuka. Baba yake ni wa Malakisi lakini yeye alilelewa Nairobi, kwa hiyo Kibukusu anakisikia zaidi ya anavyokisema. Nilimngojea awe na maringo. Hakuwa nayo. Aliamka mapema akafagia uwanja, akasaidia kugeuza mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai, akaniita anti, akasifu chai yangu. Mtu akiwa mbaya, wivu unapata mahali pa kukaa. Huyu alininyima hata hapo.

Nikabaki na tumaini moja, kwamba haimbi vizuri. Siku ya kwanza ya mazoezi nilijifanya nina kazi ya vifungo, nikakaa na mlango wazi. Alitoa simu yake, akaiweka mezani mbele ya litungu, na simu ikaanza kuonyesha taa nyekundu na ya kijani kila uzi ulipoguswa. Alimweleza mume wangu kwamba kutakuwa na piano na gita ya besi nyuma yao, kwa hiyo nyuzi lazima zikubaliane nazo. Mume wangu akakaza, akalegeza, taa ikawa kijani, akanichekea mimi kwa furaha kama mtoto aliyepata hesabu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu anioe kuona litungu likiwa tayari bila mdomo wangu. Kisha yule msichana akaimba wimbo wangu wa chumvi.

Aliuimba vizuri. Niseme tu. Sauti yake iko chini kuliko yangu, nzito kidogo, na pale ninapokimbilia kichekesho yeye alitulia, akaifanya ile sufuria iwe jambo la huzuni. Mimi mwenyewe mwenye wimbo nilitaka kumlilia yule mwanamke. Nilitia sindano kwenye kidole changu badala ya kifungo.

Mwisho wa wiki ile tulikwenda Bokoli kwa mama mkwe wangu, kwa sababu mume wangu alitaka baraka za mamake kabla ya safari na alitaka msichana asikie Kibukusu kutoka mdomo wa mtu mzima. Mama alifurahi, akatuchinjia jogoo. Nilimpika mimi. Sasa kila mtu kwetu anajua firigisi ni ya nani. Ni ya mwenye nyumba, na mwanamke aliyeolewa vizuri hata haiangalii. Miaka yote hii nimepika kuku wasiohesabika na sijui firigisi ina ladha gani. Nilimwekea mume wangu bakuli kama kawaida, firigisi juu. Akaichukua kwa vidole vyake, akaiweka kwenye sahani ya yule msichana, akisema mwenye kazi ndiye anayekula. Msichana, ambaye nadhani Nairobi anainunua kwenye pakiti, akashukuru, akaila na ugali kwa matonge mawili.

Mama mkwe aliacha kutafuna. Alimwangalia mwanawe, akaniangalia mimi niliyekuwa nimesimama na jagi la maji ya kunawa. Baadaye, walipokwisha kumwimbia wimbo na ile simu ikimulikamulika kwenye kigoda, hakupiga makofi. Aliniita jikoni.

"Mwanangu," akaniambia, "huu wimbo si ni wako? Sasa mwenye wimbo anapika, na mgeni ndio anaimba. Nani alipanga hii kitu?"

Nikamwambia ni watu wa thieta. Akasema hao watu wa thieta hawajui kupanga, akarudi sebuleni kuomba. Aliombea barabara, akaombea nyuzi, akawaombea wote wawili. Mimi nilisema amina pamoja nao, lakini kwa kweli nilikuwa bado nafikiria firigisi.

Tuliporudi Kitale mume wangu alikuja kibandani akazungukazunguka, akagusa mkasi, akauweka chini. Ndipo akasema kwamba itakuwa vizuri msichana akiwa na nguo inayofanana na shati lake. Kitambaa kilikuwa kimebaki rafuni, kile cha sare ya Matulo. Je, ningeweza? Nilimwambia mimi ni fundi, nashonea kila mtu. Msichana akaja akasimama mbele yangu mikono ameinua, nikamzungushia futi. Ni mwembamba. Vipimo huwa siviandiki, navishika kichwani mpaka nitakapokata, na sijawahi kukosea, hata kwa wanakwaya wa kanisa zima. Alipoona nguo yangu ya Jumapili imetundikwa ukutani akasema anapenda mikono ya namna ile, yenye marinda. Nikasema sawa.

Nilikata mchana mmoja wa mvua, wao wakiwa chumba cha pili na wimbo wangu. Nilisikia wakifika pale kwenye kuongeza maji, wakaacha, wakarudia, wakacheka juu ya kitu ambacho sikusikia. Mkasi ulikuwa unakwenda wenyewe. Nilishona mabega, nikakunja marinda matatu kila upande, nikatia zipu, nikapiga pasi. Sijui nilikuwa wapi katika muda ule wote. Najua tu kwamba nilipoinyanyua ile nguo nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu bango.

Keshoye msichana akaivaa. Akatoka nyuma ya pazia akiwa ameishikilia kifuani isianguke. Mabega yalikuwa yamemteremka, kiuno kilikuwa kinamzunguka, na makalio yalikuwa na nafasi ya kumkaribisha mtu mwingine. Mume wangu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi ya wateja na litungu lake, akacheka. Kisha akaacha kucheka. Miaka yote hii amelala kando ya umbo lile, alilijua hata likiwa limevaliwa na mtu mwingine.

Akasema, polepole, kwamba nimekata yangu.

Nilitaka kubisha, nikaona hakuna pa kubishia. Nilimkatia yule msichana kwa vipimo vyangu mimi, bega kwa bega, mpaka ule upande wa kushoto ninaouachia nafasi kidogo kwa sababu nyonga yangu iko juu. Sikukusudia, Mungu ananijua, ingawa shetani naye huenda alikuwa na habari. Nikasema mkono umezoea.

Msichana hakucheka. Alikuwa anaangalia mkono wa nguo, yale marinda. Akachukua simu yake mezani, akalifungua bango, akakuza kwa vidole viwili kama nilivyofanya mimi, kisha akaiweka picha karibu na kiwiko chake.

"Anti," akasema, "huyu hapa ni wewe?"

"Ni kiwiko changu."

"Kwa hivyo ni wewe unaimba kwa ile video, ule mama amefunikwa na leso." Akamgeukia mume wangu, si kwa ukali, kwa mshangao tu. "Lakini tulikuuliza, uncle. Sisi wa thieta tulikuwa tunataka huyo mama. Si ulisema ni mtu wa kwaya ya harusi tu, ati humjui na hawezi patikana?"

Mvua ya jana ilikuwa bado inadondoka kutoka kwenye mabati. Petro alimkana bwana wake na jogoo akawika. Sisi jogoo wetu tulikuwa tumeshamla Bokoli.

Wiki zote zile nilikuwa nimeuelekeza wivu wangu mahali pasipostahili. Nilikuwa nimemchukia mtoto wa watu aliyenifagilia uwanja, nimeichukia nyumba ya mawe iliyo mbali, kumbe thieta ilinitaka. Ile ya kunong'ona, yenye kiti cha mwisho kule juu, ilikuwa imeniulizia mimi. Na jibu lilitolewa nyuma ya nyumba yangu, kando ya kamba yangu ya nguo. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu.

Nilimwuliza mume wangu kwa nini. Nilimwuliza mara moja. Akawa anasugua ule mti wa juu wa litungu kwa kidole gumba.

"Kila mahali tunaenda ni wewe," akasema mwishowe. "Matulo ni wewe, Malakisi ni wewe. Ati yule mama anaimba. Mimi nakuwa tu ule mtu amebeba litungu. Wewe unafungwa leso, mimi natafutiwa mahali pa kukaa. Nilitaka mara moja, Mama. Mara moja tu, waniangalie mimi."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa uongo, na kwa uongo nilikuwa na majibu. Huu ulikuwa ukweli. Nilimwangalia nikamtambua, kama unavyomtambua jirani yako kwenye foleni ya zahanati, kumbe na yeye anaumwa hichohicho. Miaka yote ile ya leso, nilipokuwa nikipepesuka kwa furaha mbele ya watu, nyuma yangu kulikuwa na mtu amekaa kwenye kigoda roho inamuuma, na vidole vyake havikukosea hata mara moja. Mimi wiki chache tu zilikuwa zimenifanya nikate nguo ya mtu kwa mwili wangu. Nilimhurumia. Na bado nilitaka kumpiga kwa pasi.

Msichana ndiye aliyefungua mdomo. Alisema bado kuna muda, anaweza kuwapigia simu watu wa thieta sasa hivi, yeye atarudi nyuma aimbe viitikio, haimsumbui. Alikuwa anasema kweli, ilionekana usoni. Kisha sote wawili tukamwangalia mume wangu. Kama angesema ndiyo hapo, au hata akatikisa kichwa, ningeiacha cherehani na mlango wazi nikaenda Nairobi na nguo ile ile. Alikuwa anaangalia litungu. Alisugua ule mti, akasugua tena.

Basi nikamwambia msichana aende nyuma ya pazia aivue, nimpunguzie.

Nimeshampunguzia. Nilifumua mabega, nikaingiza kiuno pande zote mbili, nikatoa kitambaa cha kutosha kumshonea mtoto gauni. Mikono tu sikuigusa. Msichana amenikatia tikiti ya ile Ijumaa ya mwisho, kiti cha juu kabisa, akasema huko ndiko sauti inasikika vizuri zaidi. Nimeiweka kwenye kopo la vifungo. Akina mama wa kanisani kila Jumapili wananiuliza kama nitaenda kumwona mume wangu, nami nawaambia nguo ya kuvaa bado sijaamua.

Lakini jioni ile ile, kabla sijaimaliza, nilikuwa nimepiga magoti mbele ya msichana nikimpindia pindo, na mume wangu bado yuko kwenye benchi. Simu ya taa ilikuwa mezani, karibu naye, na hakuichukua. Akalipakata litungu vizuri. Akaligusa, uzi wa kwanza tu, akauacha ulie mpaka ukaisha. Ulikuwa chini. Aligusa tena, akainua macho akaniangalia, mkono wake ukiwa juu kwenye ule mti, tayari kukaza, na akangoja nimpe sauti, kama siku zote tangu ile ya mboga.

Nilikuwa na pini mdomoni, kama fundi yeyote anayepinda pindo. Sikuzitoa.